Mtu anapanda nini? Maneno juu ya amani ya kudumu



Swali lilitupwa kati yetu: je, wanadamu wataweza siku moja kupata amani ya kudumu? Niliona majibu mengi mazuri. Kuna waliojibu kwa Biblia, kuna waliojibu kwa filozofia, na ndugu mmoja wa droit alijibu kwa Hati ya Umoja wa Mataifa kuanzia ibara ya kwanza mpaka tukachoka kusoma. Mimi nilisoma agronomi. Lisansi yangu ni ya udongo, mbegu na magonjwa ya mihogo. Basi nitajibu kama mtu wa mashamba, na nitatumia historia ya hapa kwetu, juu historia ya Bukavu na vijiji vyake inatosha kulipima swali hilo. Sisi tulitiwa sahihi za amani kuliko watu wengi duniani.

Nilizaliwa mwanzo wa 1998, kati ya vita viwili. Ile ya kwanza, ya AFDL, ilikuwa imemaliza kumfukuza Mobutu mwezi wa 5 mwaka wa 1997. Ya pili ilianza tarehe 2 Agosti 1998, nikiwa bado ku mgongo wa mama. Sasa fanyeni hesabu pamoja na mimi.

Tarehe 10 Julai 1999, mapatano ya Lusaka. Mimi nilikuwa ninajifunza kutembea. Serikali sita zilitia sahihi, vikundi vya waasi vikafuata mwezi wa 8. Juni 2000, wawili kati ya wale waliotia sahihi, Rwanda na Uganda, wakapigana wao kwa wao siku sita ndani ya Kisangani, mji ambao si wa huyu wala wa yule. Kisha Pretoria, 17 Desemba 2002, na Sun City, 2 Aprili 2003. Ndipo tukapata ile serikali ya « 1+4 », rais mmoja na makamu wanne. Nilikuwa na miaka mitano. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Juni 2004, Bukavu ikaangukia mikononi mwa watu wa Nkunda na Mutebutsi. Ile ninaikumbuka kidogo: magodoro chini, madirisha yamefunikwa blanketi, na koko yangu akihesabu watoto kila mara kama mtu anayehesabu kuku.

Ninaomba mkumbuke jambo moja juu ya 2004. Koloneli Mutebutsi hakutoka porini mahali ambapo akordi haikufika. Alikuwa naibu kamanda wa jimbo la kijeshi la hapa hapa, katika jeshi jipya la muungano. Akordi yenyewe ilimweka kwenye kile kiti.

Tuendelee. Goma, 23 Januari 2008, konferansi kubwa ya amani, vikundi zaidi ya 20 vikatia sahihi. Nilikuwa na miaka kumi. Tarehe 23 Machi 2009, akordi nyingine na CNDP, ile iliyozaa jina la M23. Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ikachukuliwa. Addis Ababa, 24 Februari 2013, nchi 11 zikaahidi kutoingiliana. Nairobi, Desemba 2013, mwisho wa M23, tulivyofikiri. Nilikuwa sekondari, profesa wetu wa historia alituambia tuandike tarehe ile na wiki nyekundu. Novemba 2021 wakarudi. Januari 2025 Goma, na katikati ya Februari 2025 Bukavu. Mwaka huo huo: Washington tarehe 27 Juni, Doha tarehe 19 Julai, Doha tena mwezi wa 11, na Washington tena tarehe 4 Desemba ambapo marais wenyewe walitia sahihi. Siku chache baadaye ikawa zamu ya Uvira.

Mnaelewa kwa nini sitasema mengi juu ya hayo ya karibuni. Ninaishi hapa. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa, na kila mmoja wetu anajua maneno ya kumeza.

Mtu wa mbali akisoma orodha ile atasema: Wakongomani wanapenda vita. Rafiki mmoja niliyesoma naye alisema vibaya zaidi, kwamba binadamu ni mnyama tu, kwa hiyo tuache kudanganyana. Mimi sikubali, na si kwa sababu ya roho nzuri. Sikubali kwa sababu ile orodha inaonyesha jambo lingine kabisa kama unaisoma vizuri.

Mwaka wa 1795 mzee mmoja wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliandika kitabu kidogo juu ya amani ya milele. Wale wa filozofia mnakijua. Anaanza kwa kichekesho: hoteli moja ya Uholanzi iliweka maneno hayo « amani ya milele » kwenye kibao chake, chini ya picha ya makaburi. Halafu sharti lake la kwanza kabisa ni hili: mapatano ambayo ndani yake watu wanajiwekea kimyakimya sababu ya vita ya kesho si amani, ni kupumzika. Hakuwahi kufika Kivu, hata mji wake wa Königsberg karibu hakuutoka, lakini ukishika sharti lile na kurudi ku akordi zetu, unaona kwamba karibu kila moja ilibeba ndani yake mbegu ya vita iliyofuata. Serikali ya 1+4 ilibeba 2004. Akordi ya 2009 ilibeba 2012.

Hapa sasa ninaacha Kant na kurudi Bushi.

Wale mliokulia Kabare au Walungu mnajua tofauti ya kalinzi na bwasa. Kwa wengine nieleze. Kwa desturi ya Bashi, mtu anayetaka ardhi anaweza kuipata kwa njia mbili. Kalinzi ni mkataba mzito: unatoa ng'ombe kwa mwami au kwa mtu wake, mbele ya mashahidi, na shamba linakuwa la nyumba yako, watoto wako watalirithi. Bwasa ni kukodi kwa msimu: unatoa mbuzi, kuku, pombe au siku za kazi, siku hizi feza, na unalima msimu mmoja au miwili. Na kuna sharti moja ambalo mwalimu wetu wa uchumi wa vijijini alilirudia mpaka tukalikariri: mtu wa bwasa haruhusiwi kupanda kitu kinachodumu. Hakuna ndizi, hakuna kahawa, hakuna miti. Maharagi, viazi, mahindi, basi. Kwa nini? Juu mtu akishapanda ndizi, ameanza kusema « hapa ni kwangu ».

Nikitazama ile orodha ya kutoka Lusaka mpaka Washington, mimi ninaona bwasa tupu. Tulipewa amani ya msimu. Hakuna mwaka hata mmoja ambapo mkulima wa Kivu aliambiwa kwa uhakika: panda ndizi.

Na mkulima anajua. Yeye hasomi komunike, lakini anajua kupita sisi. Maharagi yanakomaa ndani ya miezi mitatu. Mihogo inaomba mwaka na zaidi. Ndizi karibu vile vile. Kahawa inakaa miaka mitatu au minne kabla ya kukupa kitu cha maana. Mti wa kinini, ile kinkina ambayo wazungu walileta kwenye milima yetu na ambayo ganda lake linatengeneza dawa ya malaria, unaweza kukaa miaka minane au kumi. Basi ukitaka kujua kama mahali fulani watu wanaamini amani, usiwaulize. Angalia ni nini wanapanda, uhesabu miaka.

Angalia tena wanafuga nini. Koko yangu alikuwa na ng'ombe kabla ya 1996. Leo, kwenye kijiji kile kile, utakuta dende. Wale wa Tanzania wanaziita simbilisi. Dende inakaa jikoni, inakula majani na maganda, inazaa haraka. Watafiti waliandika juu ya ufugaji wake hapa Kivu ya Kusini, na kati ya sababu walizokuta kuna hii: mnyama mdogo anafichwa kwa urahisi, na ukikimbia unambeba ndani ya mfuko. Watu wenye bunduki wanaona ng'ombe kwa mbali, dende hawaioni. Hiyo ni zotekni ya vita. Shuleni tuliifundishwa kama mbinu ya kupambana na utapiamlo, na ni kweli, lakini mimi kila nikiona dende ninasoma ndani yake miaka 30 ya akordi zisizoaminiwa.

Sasa kwa nini akordi ni bwasa? Nina maelezo yangu, na si lazima mkubali yote.

La kwanza ni ardhi yenyewe. Vita yetu haikuanza 1996. Mwaka wa 1928 wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, ikapewa ardhi kubwa kwa ajili ya walowezi, ardhi iliyoitwa tupu. Mkulima anayepumzisha shamba lake ili udongo upate nguvu, kwa mzungu wa wakati ule shamba lile lilikuwa tupu. (Hata leo kuna maajenti wa proje wanaosema hivyo, lakini hiyo ni vita nyingine.) Kutoka 1937 mpaka 1955, ofisi ya kikoloni ikahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kuja hasa Masisi, kwa ajili ya kazi ya mashamba ya walowezi, bila kukaa na wenyeji kumaliza maneno ya nani atakuwa nani. Kisha Zaire ikaja na sheria yake ya tarehe 20 Julai 1973: ardhi yote ni mali ya Serikali. Na ardhi ya desturi, yaani ile ya kalinzi ambayo karibu wazee wetu wote walikuwa wanailima? Ibara ya 389 ilisema kwamba ordonansi ya rais itaipanga. Ile ordonansi haikutoka. Mobutu alitawala miaka mingine 24 bila kuitoa, na waliofuata vile vile.

Maana yake ku kilima ni nini? Maana yake ni kwamba mtu mwenye kalinzi ya babu yake, ng'ombe ilitolewa, mashahidi walikunywa kasiksi, anaweza kuamka asubuhi na kukuta mtu wa mjini ameshika karatasi ya kadastre ya shamba lile lile. Wote wawili wako na haki. Ukiwa na nchi ambamo watu wawili wako na haki juu ya shamba moja na hakuna anayeweza kuwaamua, yule wa tatu mwenye kalashi anapata kazi mara moja. Masisi ilianza kuwaka mwaka wa 1993, kabla ya wakimbizi wa Rwanda kufika, kabla ya AFDL. Kwenye milima mirefu ya Fizi, Uvira na Mwenga, ugomvi wa ng'ombe, malisho, uchifu na uraia umechoma vijiji vya kila upande. Sisemi kwamba majirani hawana mkono katika vita yetu. Wako nao, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika hivyo mwaka baada ya mwaka. Ninasema mkono wa jirani unahitaji mlango, na mlango wetu ni huo.

Ku meza za Sun City na Goma kulikaa wanasiasa na wenye vikundi. Mwenye kalinzi na mwenye karatasi hawakuwa pale.

La pili ni bei ya bunduki. Hapa ninaomba ruhusa ya kukasirika kidogo. Ninyi na mimi tulikaa shuleni: msingi, sekondari, graduat miaka mitatu, lisansi miaka miwili, na mgomo katikati. Kisha unaleta dosye mahali wanapoomba « uzoefu wa miaka mitano ». Kijana tuliyekuwa naye darasa moja ku sekondari aliingia kikundi kimoja. Vikundi vilipoitwa kujiandikisha ili viingie jeshini, alitoka porini na cheo. Sisi tulimwonea wivu, tusidanganyane. Kuanzia 2003, akordi kadhaa zilitoa vyeo kwa wale waliokuwa na silaha, na wengi waliokosa cheo au waliopata kidogo walirudi msituni kuomba nyongeza. Goma 2008 walitia sahihi vikundi zaidi ya 20. Miaka hii ya karibuni wanaohesabu wanasema vikundi viko zaidi ya 100. Zao likilipa, linalimwa zaidi. Yeyote aliyefanya mtihani wa ekonomi ya kilimo angejibu hivyo bila kufungua daftari.

La tatu, wafu. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ile Ripoti Mapping: matukio 617 ya uovu mkubwa kutoka Machi 1993 mpaka Juni 2003. Kasika imo, Makobola imo. Askofu mkuu wetu Munzihirwa, aliyeuawa hapa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, kila mwaka anakumbukwa. Daktari Mukwege aliitaja ripoti ile mbele ya dunia nzima siku alipopokea Nobel mwaka wa 2018. Mpaka leo hakuna mahakama maalum iliyoundwa kwa ajili ya matukio yale. Wengine wanasema kuwaita watu mahakamani kutavunja amani. Miaka zaidi ya 15 hatukuwaita, na iko wapi hiyo amani waliyokuwa wanailinda?

Basi mtu ataniambia: umejibu, amani ya kudumu haiwezekani. Subirini, sijafika.

Teremkeni pamoja nami kandokando ya Ruzizi, kuelekea Mumosho. Kule kuna barrage ya Ruzizi II. Ilianza kazi mwaka wa 1989, karibu megawati 44. Si ya Kongo, si ya Rwanda, si ya Burundi: ni ya zote tatu, inaendeshwa na SINELAC, na ofisi kuu ya SINELAC iko hapa Bukavu. Ilizaliwa ndani ya CEPGL, ile jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu iliyoundwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976. Wengi wetu tunaijua CEPGL kama kile kikaratasi cha kuvukia mpaka tu. Lakini wazee wale waliwaza mbali kuliko karatasi: umeme wa pamoja, benki ya maendeleo ya pamoja, hata kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo, IRAZ, kule Gitega. Sisi wa agronomi tungekuwa tunaenda kufanya staji Gitega kama vile mtu anavyoenda Uvira.

Wazungu wa Ulaya walifanya vile vile mwaka wa 1951, kwa makaa ya mawe na chuma. Wafaransa na Wajerumani walikuwa wamepigana mwaka wa 1870, 1914 na 1939, vita vitatu katika miaka 70, na vita viwili vya mwisho vilivuta dunia nzima, pamoja na babu zetu waliobebeshwa mizigo. Wakaweka makaa na chuma chini ya mkono mmoja ili mtu asiweze kutengeneza mizinga kwa siri. Mwaka wa 1963 wakatia sahihi mkataba wa urafiki, wakaanza kutumiana vijana. Mpaka leo hawajapigana tena. Miaka 80 na kidogo. Mti wa kinini unavunwa mara nyingi ndani ya miaka 80.

CEPGL ilizimika baada ya 1994, wakajaribu kuiamsha mwaka wa 2007, haikuamka vizuri. Lakini angalieni Ruzizi II. Vita ya 1996 ilipita juu yake, ya 1998 ikapita, wakubwa wakatukanana ku redio, na barrage ikabaki ya nchi tatu. Bili zinachelewa kulipwa, mashine zimezeeka, udongo unaoteremka kutoka milima yetu iliyokatwa miti unaingia mtoni pamoja na machupa ya plastiki tunayotupa sisi wenyewe. Sisemi ni paradiso. Ninasema hapa, mahali panapotajwa duniani kote kama mfano wa vita isiyoisha, kuna kitu ambacho watu wa nchi tatu wamekimiliki pamoja tangu 1989, na kwenye vita vyote vile hakuna aliyekibomoa, juu kila mmoja taa yake ingezimika.

Na Ulaya yenyewe isitufanye tuwe watoto wa kushangaa. Srebrenica ni Ulaya, Julai 1995. Ukraine ni Ulaya, Februari 2022. Msumbiji walitia sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992, wakakaa miaka kama 20, wakapigana tena, wakatia sahihi tena Maputo mwaka wa 2019. Burundi jirani zetu walipata Arusha mwaka wa 2000, ikabeba nchi, mwaka wa 2015 tukaona watu wanakimbia tena. Kwa hiyo kama « kudumu » maana yake ni milele, bila kurudi nyuma, kwa wanadamu wote, mimi siamini. Sioni katika historia mahali ilipowahi kutokea, na sioni katika udongo kitu kinachokaa bila kutunzwa. Wale waliotengeneza mitaro ya kuzuia mmomonyoko wanajua: unachimba, unapanda majani ukingoni, misimu mitatu ukiacha kupalilia, mvua moja kubwa inachukua kila kitu. Hakuna mtu anayesema « basi mitaro haifai ».

Lakini kama « kudumu » maana yake ni kalinzi, yaani muda wa kutosha ili mtu apande ndizi, azeeke, mtoto wake arithi ile shamba bila kuikimbia, hiyo imepatikana mahali pengi. Imepatikana hata hapa, kwa vipande vidogo. Nitawapa kimoja, halafu ninamaliza.

Mwaka wa 2019 nilifanya kazi miezi michache ya kuuliza watu maswali katika kijiji kimoja cha Kabare. Familia mbili zilikuwa zinagombana juu ya bonde dogo, lenye maji, lenye udongo mweusi mzuri sana. Moja ilisema kalinzi, nyingine ilisema ni bwasa iliyosahaulika. Kulikuwa kumeshakatwa mtu mkono na panga. Kamati ya usuluhishi ya kijiji ilikaa nao siku nne. Mimi nilikuwa karani tu. Walileta wazee walioona ng'ombe ikitolewa, walipima kwa kamba, wakapanda miti ya mpaka, wakaandika karatasi mbili, kila familia ikashika moja, chifu akashika ya tatu. Kilichonishangaza ni kwamba hawakugawa bonde katikati. Nusu ile ya chini ingekuwa na mafuriko na nusu ya juu bila maji, wangegombana tena msimu uliofuata. Waligawa kwa vipande vya mteremko, kila mmoja akapata maji kidogo na ukavu kidogo. Ilichukua siku mbili nzima, yale mengine yote yalichukua siku mbili zilizobaki.

Februari 2025 familia moja ilikimbia. Waliporudi baada ya wiki nyingi walikuta maharagi yao yamevunwa na wale wengine. Si yote yalirudishwa. Lakini sehemu ilirudishwa, na miti ya mpaka ilikuwa bado pale pale. Katika mwaka ambao benki hazifungui na kila kitu kimebadilisha mikono, karatasi ile ya 2019 ilishika.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba mazungumzo yanaendelea, sitafuti tena picha ya watu wakipeana mikono. Ninatafuta mambo matatu ndani ya viambatanisho: nani anapata cheo na kwa nini, ile orodha ya matukio 617 inaenda mbele ya jaji gani, na ibara ya 389 inapata jibu gani baada ya zaidi ya miaka 50. Wale wa droit mlio hapa, mliosoma maandishi yote ya Doha na Washington kuliko mimi, tuandikieni mlichokuta juu ya ardhi ya desturi, ukurasa kwa ukurasa. Kama hakuna kitu, semeni hakuna. Sisi wa agronomi tuko tayari kuleta kamba ya kupimia.